Posa, Eda na Mkasi: Mwongozo kwa Anayetamani Ukocha wa Kikapu Vyuoni Marekani

Kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, mtu mzima mwenye mvi hupandishwa ngazi katikati ya uwanja huko Marekani, akapewa mkasi, akakata wavu wa kikapu na kuuvaa shingoni kama bwana harusi aliyevishwa shada la asumini. Kama uliliona hilo kwenye runinga ukajiambia kazi ile unaiweza, maana hata mtaani kwenu ni wewe unayepuliza filimbi kwenye uwanja wa saruji kila Jumamosi, mwongozo huu ni wako. Usome mpaka mwisho kabla hujauza kiwanja kupata nauli.

Lijue hili mapema: kazi ya kocha wa kikapu chuoni si mpira. Piga hesabu. Msimu ukienda vizuri una mechi 35, kila moja dakika 40. Jumla yake haifiki saa 24. Ni siku moja ya mwaka, mchana na usiku wake. Siku 364 zilizobaki unaposa.

Ndiyo, kuposa. Unaandika barua, unatuma mshenga, unapiga hodi kwa watu usiowajua, unakalishwa kwenye kochi, unakula ulichowekewa na unamsifia mama wa nyumba kwa malezi mema. Unayemposa ana miaka 17. Wewe una 50, mkopo wa nyumba na wasaidizi kadhaa wenye watoto wanaosoma. Yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Riziki ya watu wazima wote hao imekaa mikononi mwa mtoto ambaye jana tu alifokewa kwa kutoosha vyombo.

Kuujua mchezo hakukusaidii

Utadhani anayeujua mchezo kuliko wote ndiye atakayefaulu. Pole. James Naismith aliubuni mchezo wenyewe, Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, kwa vikapu viwili vya kubebea matunda vilivyopigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani. Mwaka 1898 Chuo Kikuu cha Kansas kikamchukua. Alipoacha kuifundisha timu mwaka 1907 alikuwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60. Mpaka leo, katika makocha wote waliopita Kansas, ni yeye peke yake aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Aliyeleta mchezo duniani ndiye anayeshika mkia.

Husimuliwa kwamba mwanafunzi wake, Phog Allen, alipomwambia anakwenda kuwa kocha, Naismith alicheka: mchezo huu haufundishwi, bwana, huchezwa tu. Allen hakusikia la mkuu, wala hakuvunjika guu. Akarudi Kansas akafundisha hadi 1956, na ukumbi mkubwa wa pale, uliofunguliwa mwaka 1955, ukapewa jina lake. Sakafu ya ndani ina jina la Naismith. Jengo la mwanafunzi, sakafu ya mwalimu. Ukitaka kuuelewa ukocha kwa haraka, tafakari hapo.

Kutoka kwa Allen silsila ikaendelea kama ya masheikh. Adolph Rupp, aliyekaa kwenye benchi la Allen, akaenda Kentucky mwaka 1930 akashinda mechi 876. Dean Smith naye alipita hapo hapo, akaishia North Carolina na ushindi 879. Kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa si unajua nini. Utaulizwa ulikuwa kwa nani.

Palikuwa na mwingine aliyesoma kwa Naismith mwenyewe: John McLendon. Kansas haikumruhusu kuchezea timu kwa sababu alikuwa mweusi. Akawa kocha. Asubuhi ya Jumapili moja ya Machi 1944, mjini Durham, wakati watu wako kanisani, vijana wake wa chuo cha weusi walicheza kwa siri na timu ya wazungu wa skuli ya udaktari ya Duke. Milango ilifungwa kwa funguo, maana sheria za ubaguzi zingewapeleka wote pabaya. McLendon alishinda 88 kwa 44. Alifariki mwaka 1999, na Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu ulimpokea kwa sifa ya ukocha mwaka 2016. Ukumbi huo una jina la Naismith. Silsila, kumbe, nayo ina mlango wa mbele na wa nyuma.

Kuanza kazi

Utaanzia chini. Utapanga koni, utakata video za mechi za watu wengine hadi alfajiri, utawafuata wachezaji darasani kuhakikisha wameingia. Usinung'unike. Pat Summitt alianza kufundisha timu ya wanawake ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alifua mwenyewe, basi dogo la timu aliliendesha mwenyewe. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa na ushindi 1,098 na ubingwa wa taifa mara nane, na kila binti aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake alitoka na shahada.

Summitt huyo ndiye kipimo cha posa. Septemba 1990, mjamzito wa kukaribia kujifungua, alipanda ndege ndogo hadi Pennsylvania kumwona binti mmoja mlinzi hodari. Uchungu ukamshika safarini, chupa ikapasuka. Mtu mwingine angeomba hospitali. Yeye akaingia ndani, akakaa na wazazi, akaeleza mema ya Tennessee kwa kituo, ndipo akarudi uwanja wa ndege. Husimuliwa kwamba rubani alitaka kutua Virginia, yeye akakataa: Virginia walikuwa wamemtoa mashindanoni mwaka ule ule, na mwanawe hazaliwi huko. Mtoto akazaliwa Knoxville, nyumbani.

Na binti? Akachagua Notre Dame.

Soma tena sentensi hiyo. Mwanamke amekuja kukuposa na uchungu wa uzazi, nawe unaolewa kwa jirani. (Baada ya mwaka mmoja alihamia Tennessee, na mwaka 1996 wakachukua ubingwa pamoja. Lakini wewe usijipe moyo kwa mabano haya.)

Mjomba na kilemba chake

Aliyewahi kuhudhuria posa ya pwani anajua kwamba mahari ni jambo moja, na yale mengine ni jambo jingine: kuna mkaja wa mama, kuna kilemba, kuna kifungua mlango, na yupo mjomba ambaye asiporidhishwa harusi haiendi. Kikapu cha Marekani kina mjomba huyo. Ni mwalimu wa timu za kiangazi, au binamu, au rafiki wa familia ambaye hakuna anayejua urafiki ulianza lini. Nyuma yake zimesimama kampuni za viatu.

Kwa miaka mingi chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi wa ridhaa: anapewa ada, chumba na chakula, na akipokea zaidi ya hapo ni mkosaji. Pesa zilikuwapo, ila zilipita mlango wa uani. Septemba 2017 serikali ya Marekani ikabisha hodi mlango huo. Watu kumi walikamatwa, wanne kati yao makocha wasaidizi. Kocha mkuu hakukamatwa hata mmoja. Jifunze: msala ukitokea, anayetiwa pingu ni mshenga. Kwa bahati mbaya, wewe utaanzia kwenye ushenga.

Posa hizi zimefika hadi kwetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya futi saba, alichezea Connecticut kwa misimu mitatu chini ya Jim Calhoun, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Kabla yake alitangulia Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake awe daktari. Kocha wa pale alikuwa John Thompson, jitu lenye taulo jeupe begani, kocha mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA, mwaka 1984. Mwambie kocha kama huyo kuna kijana wa futi saba na inchi mbili anayepita na vitabu vya sayansi, uone kama udaktari utapona. Mutombo alimaliza na shahada ya isimu na diplomasia, akaenda NBA, na hospitali akaja kuijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Posa nyingine huwafaa pande zote mbili. Zipo. Si nyingi.

Kuajiriwa, na nani usimrithi

Ukishapata timu yako, angalia umeketi kwenye kiti cha nani. Mwaka 1948 John Wooden alikuwa akisubiri simu kutoka Minnesota. Theluji ikaangusha nyaya, simu haikulia kwa wakati, akawakubalia chuo cha UCLA waliokuwa nao wakisubiri jibu. Minnesota walipompata alikuwa ameshatoa ahadi, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Alikaa UCLA hadi 1975. Siku ya kwanza ya kila msimu aliwafundisha vijana, wengine mabingwa tayari, jinsi ya kuvaa soksi: nyoosha kisigino, nyoosha vidole, lisibaki kunjo, kunjo huleta malengelenge, na mwenye malengelenge hachezi.

Ubingwa wake wa kwanza aliupata mwaka 1964, akiwa na miaka 16 kazini. Kuanzia huo, akachukua kumi ndani ya misimu kumi na miwili. Watu hukumbuka ile kumi na miwili, mimi naikumbuka ile kumi na sita. Leo, kocha anayefundisha soksi bila kombe hamalizi hata miaka mitano. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule, siku ya tatu jembe hilo humchimbia kaburi.

Aliyempokea Wooden aliitwa Gene Bartow. Katika misimu miwili alishinda mechi 52 akapoteza tisa. Kwingine kokote wangempa mtaa uitwe jina lake. UCLA palikuwa hapakaliki. Akafunga mizigo akaondoka mwenyewe. Kwa hiyo usimrithi marehemu aliyependwa, hata kama marehemu huyo yu hai na amekaa jukwaani anakutazama. Mwache mwingine atangulie kurithi, wewe mrithi huyo.

Wapo waliovumilia jembe. Januari 1965 Dean Smith alirudi chuoni na basi la timu baada ya kufungwa, akakuta wanafunzi wametundika kinyago chake kwa kitanzi. Hakusema kitu, akaendelea na kazi kwa miaka mingine 32. Ukumbi wa pale sasa una jina lake. Alipofariki, mwaka 2015, wachezaji wake wa zamani walipokea kila mmoja hundi ya dola 200 kutoka kwenye wasia wake, kwa ajili ya kwenda kula chakula cha jioni. Mike Krzyzewski (usihangaike na matamshi, hata wenyewe walihangaika) alianza Duke kwa kushinda 38 na kupoteza 47 katika misimu mitatu, na wenye fedha zao walishaanza kumtafutia mrithi. Alistaafu mwaka 2022 na ushindi 1,202 na makombe matano. Mechi yake ya mwisho kabisa, nusu fainali, alifungwa na North Carolina, majirani, umbali wa mwendo wa bodaboda. Miaka 42 pale, na kwaheri unapewa na jirani.

Mwenendo ukiwa kwenye benchi

Kutafuna taulo kunaruhusiwa. Jerry Tarkanian alitafuna taulo lililoloweshwa maji miaka yote, na mwaka 1990 timu yake ya chuo cha UNLV ikaifunga Duke 103 kwa 73 katika fainali.

Kukimbia ovyo uwanjani kunaruhusiwa pia, mara moja. Jim Valvano wa North Carolina State alifanya hivyo mwaka 1983 vijana wake walipoiangusha Houston ya Hakeem Olajuwon wa Lagos, 54 kwa 52, sekunde ya mwisho. Alikuwa akitafuta mtu wa kumkumbatia na kila mtu ameshapata wa kwake.

Kurusha viti kunategemea. Bob Knight wa Indiana alirusha kiti cha plastiki uwanjani Februari 1985, katikati ya mechi na Purdue. Lakini yeye alikuwa ameshachukua makombe mawili, la 1976 bila kufungwa mechi hata moja, na alikuja kuchukua la tatu mwaka 1987. Kiti kikirushwa baada ya kombe huitwa tabia ya mzee. Kikirushwa kabla ya kombe ni barua ya kuacha kazi yenye miguu minne. Hata Knight lakini chuo kilimchoka, mwaka 2000.

Ushindi nao usiuamini mpaka ukauke. NCAA wana kifutio. Louisville walichukua ubingwa mwaka 2013, makumi ya maelfu wakishuhudia, vijana wakalia, wavu ukakatwa. Mwaka 2018, kwa sababu ya mambo machafu yaliyofanyika kwenye bweni la wachezaji, ubingwa ulifutwa na bendera ikashushwa darini. Rasmi, mechi ile hawakushinda. Aliyeshindwa hakupewa kombe. Kwa hiyo mwaka 2013 palichezwa fainali, na bingwa hayupo. Kocha wao, Rick Pitino, alikuwa ameshafukuzwa mwaka 2017, akaenda kufundisha Ugiriki, akarudi; sasa anafundisha New York. Mkongwe wa posa hafi njaa.

Eda imefutwa

Zamani mchezaji akihama chuo alikaa eda. Mwaka mzima anafanya mazoezi, anavaa suti kwenye benchi, hachezi. Kocha hakukaa eda kamwe. Yeye angeweza kuaga Jumatatu na Jumatano akawa anapiga picha na jezi ya chuo kingine, rangi zimebadilika hadi soksi. John Calipari alipewa na Kentucky, mwaka 2019, mkataba ulioitwa wa maisha. Maisha hayo yalidumu miaka mitano; mwaka 2024 akahamia Arkansas. Bill Self wa Kansas, chuo kile kile cha Naismith, alipewa mwaka 2023 mkataba wa dola milioni 53 kwa miaka mitano. Ukifukuzwa kabla ya mkataba kwisha, kwa kawaida unalipwa ili usije kazini. Ni kiinua mgongo cha aina yake: unainuliwa mgongo ukiwa unasukumwa mlangoni.

Basi mwaka 2021 wachezaji nao wakaamka. Kuanzia Julai mosi waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na mwaka huo huo eda ya kuhama mara ya kwanza ikaondolewa. Baadaye wakaruhusiwa kuhama mara wanazotaka. Mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo vyenyewe viwalipe wanamichezo wao, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mahari sasa inahesabiwa sebuleni, na kila mwaka inahesabiwa upya.

Makocha walilia sana. Utawasikia nawe: vijana hawana uaminifu, hakuna tena kulea, hii si kazi tuliyoizoea. Tony Bennett wa Virginia ni muungwana na simtii kundini kirahisi. Mwaka 2018 timu yake ilikuwa ya kwanza katika historia ya mashindano ya wanaume kuingia ikiwa imepangwa namba moja na kufungwa na iliyopangwa namba kumi na sita, 74 kwa 54, akavumilia aibu hiyo, na mwaka uliofuata akachukua kombe. Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, aliacha kazi, akasema wazi kwamba hafai tena kwa mazingira haya. Namheshimu kwa kusema hafai. Lakini wengi wa wanaolia wana mashamba waliyonunua kwa jasho la vijana ambao wangeadhibiwa kwa kupokea nauli ya basi, na machozi yao mimi nimeshindwa kuyabeba. Aliyezoea kuoa na kuacha anashangaa nini akiachwa?

Kama bado unaitaka kazi, na naona bado unaitaka, maliza na jambo moja la ratiba. Mashindano ya Machi 2025 yalikuwa na timu 68. Ukifungwa mara moja umekwenda nyumbani. Mwaka 2025 dirisha la kuhama lilifunguliwa tarehe 24 Machi, timu 16 zikiwa bado zinacheza. Fainali ilikuwa tarehe 7 Aprili. Maana yake ni kwamba kwa wiki mbili nzima kocha alikuwa akiwapanga vijana dhidi ya mpinzani wa Alhamisi huku baadhi yao wakipigiwa simu na watu wa chuo kingine, naye akichungulia majina ya vijana wa wenzake chini ya meza.

Kwa hiyo ukija kupandishwa ile ngazi, kata uzi mmoja tu, waachie na wengine. Ukivaa wavu shingoni tabasamu, kamera ziko upande wa kushoto. Halafu shika ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili utauhitaji, simu ya mfukoni inatetemeka, na inaweza kuwa ni mjomba.